Nani Athibitishe? Dawa za Wanawake, Lebo za Uongo na Serikali ya Marekani

Hotuba kwa wanafunzi wa famasia na uuguzi, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wanafunzi wa famasia na uuguzi, na akina mama mlioacha biashara zenu mkaja kutusikiliza: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie dawa za wanawake zinazouzwa kwa lebo za uongo, na kile ambacho serikali inaweza kufanya. Ningeweza kuanzia hapa nyumbani, maana mifano tunatembea nayo kwenye simu zetu. Lakini nimeamua kuwapeleka Marekani kwanza. Kule vita hivi vilichukua karibu miaka tisini, serikali ilishindwa mahakamani zaidi ya mara moja, na kila iliposhindwa kumbukumbu ilibaki. Ukizisoma kumbukumbu hizo unaona swali lile lile likirudi: dawa inapodai kwamba inaponya, nani athibitishe? Muuzaji athibitishe kwamba inaponya, au serikali ithibitishe kwamba haiponyi? Mimi msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mzigo huo ni wa muuzaji, na kila mwaka ambao sheria iliiachia serikali mzigo huo, wanawake waliulipia kwa miili yao.

Tuanzie Lynn, mji wa viwanda vya viatu katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1875. Familia ya Pinkham ilikuwa imefilisika. Msukosuko wa uchumi wa 1873 ulikuwa umemaliza mali ya baba, Isaac. Mkewe Lydia alikuwa na dawa ya mitishamba aliyozoea kuichemsha jikoni na kuwagawia majirani. Wakaanza kuiuza kwa dola moja chupa. Ndani yake mlikuwa na mizizi ya aina kadhaa, mmoja wao wa mmea uitwao black cohosh, na mlikuwa na uwatu, huu huu ambao mama zetu wa pwani humpa mzazi. Mlikuwa pia na pombe, kiasi cha asilimia 18. Lydia alikuwa mtu wa kupinga ulevi, na kampuni ilieleza kwamba pombe hiyo ni ya kuyeyushia mitishamba na kuihifadhi isiharibike. Hata hivyo mwanamke aliyekunywa vijiko vyake kila siku alikuwa akinywa kitu kikali kuliko divai ya mezani.

Lebo yake iliahidi nini? Tiba ya uhakika ya kushuka kwa kizazi, na ya udhaifu wote wa kike: uchafu ukeni, maumivu ya hedhi, vidonda vya mfuko wa uzazi, kutokwa damu nyingi. Wauguzi mliopo hapa mnajua kizazi hushuka kwa nini. Misuli na kano za nyonga zimelegea, mara nyingi kwa sababu ya kuzaa, na mtu husaidiwa kwa mazoezi ya misuli hiyo, kwa kifaa cha kukishikilia kizazi, au kwa upasuaji. Hakuna mzizi unaokunywa kwa mdomo ukaenda kukirudisha mahali pake.

Nawaomba msiwacheke wanawake walionunua. Mwaka 1872 daktari mmoja wa Georgia, Robert Battey, alianza kuondoa ovari zisizo na ugonjwa ili kutibu maumivu ya hedhi na hata matatizo ya akili, na madaktari wengi wakamfuata. Wengine walikuwa bado wanawapa wagonjwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Mwanamke wa zama zile alikuwa na daktari mwanamume aliyemwambia maumivu yake ni ya kufikirika, au aliyetaka kumpasua. Kisha anaona chupa yenye picha ya bibi mwenye uso wa upole, na tangazo gazetini linamwambia: mwandikie Bi. Pinkham, hakuna mwanamume atakayeiona barua yako. Sisi tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanawake wale hawakuficha. Walisema kila kitu, tena kwa mkono wao, kwa mtu pekee aliyeonekana kuwa tayari kuwasikiliza.

Lydia Pinkham alifariki mwaka 1883. Matangazo yakaendelea kuwaalika wanawake wamwandikie. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal, lililohaririwa na Edward Bok, lilichapisha picha ya kaburi lake pale Lynn, jina na mwaka wa kufariki vikionekana wazi, kando ya tangazo lililodai kwamba Bi. Pinkham bado yuko kazini akiwashauri wanawake.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hilo la kaburi. Mwandishi Mark Sullivan alichunguza kwa niaba ya jarida hilo hilo, akaonyesha kwamba barua ambazo watu waliziandikia kampuni za dawa zilikuwa na soko lake. Walikuwepo madalali waliozinunua kwa maelfu na kuziuza kwa wauza dawa wengine, zikiwa zimepangwa kwa aina ya ugonjwa. Mama ameandika siri ya tumbo lake, ambayo hata mumewe hajaambiwa, na barua yake inauzwa kwa mafungu kama mitumba. Dada zangu, likumbukeni hilo mnapotuma maelezo ya ugonjwa wenu kwa namba ya simu mliyoiona imebandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Mtauliza magazeti yalikuwa wapi. Yalikuwa yamelipwa. Dawa hizi zilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa wa Marekani, na baadhi ya mikataba ya matangazo ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mkataba unakufa endapo jimbo litatunga sheria ya kuzibana dawa hizo. Mhariri akisaini hapo, amekubali kuwa mlinzi wa muuza dawa katika bunge la jimbo lake. Sullivan aliifichua pia mikataba hiyo, na kuanzia Oktoba 1905 Samuel Hopkins Adams akaandika mfululizo wa makala katika jarida la Collier's, akitaja dawa kwa majina na kueleza kilichomo ndani.

Serikalini alikuwepo Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo tangu mwaka 1883, aliyedai sheria ya chakula na dawa kwa zaidi ya miaka ishirini. Peke yake asingefika. Waliomsukumia gari ni vyama vya wanawake. Alice Lakey wa Cranford, New Jersey, na maelfu ya wanachama wa klabu za wanawake waliandika barua, waliandaa mikutano na waliwafuata wabunge ana kwa ana. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na kura katika uchaguzi wa taifa. Haki hiyo waliipata katiba ya nchi ilipobadilishwa mwaka 1920. Sheria ya Chakula na Dawa Safi ilitiwa saini na Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni 1906, na imebeba jasho la watu ambao wengi wao hawakuruhusiwa hata kuwapigia kura walioipitisha.

Sheria hiyo ilifanya kazi ya maana. Dawa yenye pombe, mofini, afyuni, kokeini, heroini, bangi na vitu vingine vichache ililazimika kuandika kiasi chake kwenye lebo. Kwa mara ya kwanza mama aliweza kusoma kwamba tone la kumtuliza mtoto lina mofini. Lebo iliyosema uongo iliipa serikali nguvu ya kukamata mzigo uliovuka mpaka wa jimbo. Hapo kuna utaratibu ambao wanafunzi wangu huupenda: serikali ilizishtaki chupa zenyewe. Mwanasheria wa serikali anafungua shauri dhidi ya makasha kadhaa ya dawa, maofisa wa mahakama wanayakamata, na mwenye mali asipojitokeza kuyatetea, jaji anaamuru yateketezwe. Hukumu hizo zilichapishwa moja baada ya nyingine, kwa maelfu.

Palikuwa na matundu mawili. La kwanza, sheria ilihusu lebo na kifungashio, haikugusa tangazo la gazetini. Kampuni zikapunguza ahadi kwenye chupa, zikaziacha magazetini. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilifunguliwa na majaji.

Mtu mmoja wa Kansas City aliyeitwa Johnson alikuwa akiuza dawa aliyodai inatibu saratani. Serikali ikamshtaki kwa lebo ya uongo. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu, kwa maoni yaliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, ikasema sheria ya 1906 inakataza uongo kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Haikatazi uongo kuhusu kile ambacho dawa inaweza kuponya, kwa kuwa hayo ni mambo ya maoni. Jaji Charles Evans Hughes alipinga. Alisema yapo madai ambayo hayana upande wa pili wa kimaoni, ni uongo mtupu. Kwa hukumu hiyo, ukiandika kwamba chupa ina uwatu na kweli ina uwatu, unaweza kuendelea kuandika kwamba inarudisha kizazi mahali pake.

Rais William Howard Taft aliliomba Bunge lizibe pengo, na mwaka 1912 likapitisha marekebisho yaliyoletwa na mbunge Swagar Sherley wa Kentucky. Yalikataza madai ya tiba yaliyo ya uongo na ya ulaghai. Sikilizeni vizuri hapo: ya uongo na ya ulaghai, yote mawili kwa pamoja. Serikali ililazimika kuthibitisha kwamba dawa haiponyi, kisha ithibitishe kwamba muuzaji alijua haiponyi na akakusudia kudanganya. Utaingiaje moyoni mwa mtu ukatoe nia yake uilete mahakamani?

Nina hakika waliopitisha maneno hayo waliona wanatenda haki. Mtu asiadhibiwe kwa kuamini. Lakini matokeo yake ni kwamba kadiri muuzaji alivyokuwa mjinga zaidi, ndivyo alivyokuwa salama zaidi. Mfano ulio wazi kabisa ni wa dawa iliyoitwa Banbar, maji ya mmea wa porini yaliyouzwa kama tiba ya kisukari wakati insulini ipo tayari. Muuzaji alileta mahakamani barua za wateja wanaomshukuru. Serikali ikaleta vyeti vya vifo vya baadhi ya wateja hao hao, waliokufa kwa kisukari. Serikali ilishindwa, kwa sababu haikuweza kuonyesha kwamba mtu yule hakuiamini dawa yake.

Kwa upande wa wanawake, marekebisho ya 1912 yalisaidia kidogo. Vidonge vya kike vilivyodai kurudisha hedhi iliyokatika vilianza kukamatwa. Hivyo vilikuwa na ujanja wake wa lugha. Tangazo lilimwonya mwanamke mwenye mimba asivitumie kwa kuwa vingeiharibu, na onyo hilo ndilo lililokuwa tangazo lenyewe. Ndani mara nyingi mlikuwa na shubiri na madini ya chuma, vitu vinavyosokota tumbo tu. Vingine vilikuwa na mimea yenye sumu, na mama alihatarisha ini na figo zake. Dawa nyingine maarufu, Wine of Cardui ya Chattanooga, Tennessee, iliyokuwa na kiasi cha asilimia 20 ya pombe, ilishambuliwa na jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Mwenye kampuni akashtaki kwa kuchafuliwa jina. Kesi ilisikilizwa Chicago mwaka 1916. Wazee wa baraza wakasema kisheria kampuni imeshinda, na wakaipa fidia ya senti moja.

Lakini angalieni kinachotokea sheria inapokataza ukweli. Tangu mwaka 1873 sheria ya Marekani ilizuia kusambaza kwa posta habari na vifaa vya kuzuia mimba. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 na 1930 uzazi wa mpango ulitangazwa kwa jina la usafi wa kike. Lysol, dawa ya kusafishia sakafu, ilitangazwa kwa wake za watu kama maji ya kujisafisha ukeni, kwa matangazo yaliyowatisha kwamba wasipojisafisha ndoa zitavunjika. Ilikuwa na kresoli, kemikali inayounguza. Madaktari walikuwa wameripoti kuungua, sumu na hata vifo. Kuzuia mimba, ambako ndiko wanawake wengi walikokutarajia, haikuweza. Mwanamke asingeweza kwenda kulalamika kwamba amepata mimba baada ya kuitumia, maana tangazo halikuwahi kumwahidi hilo kwa maneno. Uongo ulikaa salama ndani ya aibu, na aibu hiyo ilikuwa imejengwa na serikali yenyewe.

Wapo pia waliouza wembamba. Kampuni ya Raladam ya Detroit iliuza vidonge vya Marmola, ambavyo vilikuwa na unga wa tezi ya shingo ya wanyama. Tezi hiyo huongeza kasi ya mwili, kwa hiyo mtu hupungua kweli, huku moyo ukienda mbio. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliiamuru kampuni iache kudai kwamba vidonge hivyo ni salama. Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ikaitengua amri hiyo. Sababu? Tume haikuonyesha kwamba kampuni nyingine za biashara zimeumia. Madhara kwa wanawake waliomeza vidonge hayakutosha, kwa kuwa sheria ya wakati huo ililinda ushindani na haikumlinda mnunuzi. Mimi nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado inanikasirisha.

Mwaka 1933 watu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ile ijulikanayo kwa herufi FDA, wakabadili mbinu. Walikusanya chupa, lebo, picha na vyeti vya vifo wakatengeneza maonyesho. Waandishi wa habari wakayaita chumba cha vitisho, na Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikwenda kuyaona. Palikuwepo picha za mwanamke aliyepofushwa na Lash Lure, rangi ya kupaka kope. Palikuwepo Koremlu, krimu ya kuondoa nywele iliyokuwa na thaliamu, sumu ya panya. Vipodozi havikuwemo kabisa katika sheria ya 1906, kwa hiyo FDA ilijua, ilikuwa na picha, na haikuwa na mamlaka ya kukamata hata kopo moja. Vyama vya wanawake vikarudi barabarani kama mwaka 1906. Muswada ulikaa bungeni miaka mitano.

Uliokolewa na msiba. Katika vuli ya 1937 kampuni moja ya Tennessee, Massengill, ilitengeneza dawa ya maji ya sulfanilamide, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria, kwa kuiyeyusha ndani ya diethylene glycol, kemikali inayoua figo. Hawakuijaribu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mama mmoja wa Tulsa aliyempoteza binti yake alimwandikia Rais Franklin Roosevelt. FDA iliwatuma wakaguzi wake nchi nzima, na kati ya galoni 240 zilizotengenezwa wakapata karibu zote. Kisheria walizikamata kwa kosa gani? Kwamba lebo iliiita eliksiri, na eliksiri lazima iwe na pombe, nayo haikuwa nayo. Kama wangeiita mmumunyo, serikali isingekuwa na njia ya kuizuia.

Sheria mpya ilitiwa saini tarehe 25 Juni 1938. Iliondoa sharti la kuthibitisha nia ya kudanganya: lebo ikisema uongo, ni kosa, basi. Ilileta vipodozi ndani ya sheria. Ilidai maelekezo na maonyo. Na ilimtaka mtengenezaji wa dawa mpya aonyeshe usalama wake kabla ya kuuza. Mwaka huo huo sheria nyingine iliipa Tume ya Biashara uwezo wa kushughulikia matangazo ya uongo hata kama hakuna mshindani aliyeumia. Kampuni ya Marmola nayo ilishindwa na Tume mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1942.

Faida ya 1938 ilionekana miaka 22 baadaye, juu ya meza ya mwanamke. Dkt. Frances Kelsey alijiunga na FDA mwaka 1960, na mojawapo ya maombi ya kwanza aliyopewa lilihusu thalidomide, dawa ya usingizi ambayo nchi nyingine ilitumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Kampuni ilimsukuma aidhinishe. Yeye akawa anauliza ushahidi zaidi, mara ya pili, mara ya tatu. Wakati anauliza, huko Ujerumani na kwingineko walikuwa wakizaliwa watoto wasio na mikono wala miguu kamili. Duniani walioathirika walizidi 10,000. Dkt. Kelsey hakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba dawa ina madhara. Sheria ilimruhusu kusema: nionyesheni kwamba ni salama. Oktoba 1962 Bunge likaongeza la mwisho, kwamba mtengenezaji athibitishe pia kuwa dawa yake inafanya kazi. Kutoka Johnson wa Kansas City hadi hapo ni miaka 51.

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 1994 Marekani ilitunga sheria inayoruhusu virutubisho na mitishamba kuuzwa bila kuthibitishwa kwanza, mradi lebo isidai kutibu ugonjwa. Black cohosh, ule mzizi wa jikoni kwa Lydia Pinkham, leo unauzwa huko kwa wanawake waliokoma hedhi, chupa ikiwa na maandishi madogo kwamba FDA haijayapima madai yake.

Sasa turudi kwetu. Tanzania dawa zinasimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili ina Baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Sipingi tiba asili. Bibi zetu wametuvusha nayo. Ninachopinga ni yule anayeuza pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na namba ya usajili, akidai inasafisha kizazi, inayeyusha uvimbe, inazibua mirija na inabana uke, vyote kwa siku saba. Mfuko wa uzazi hauhitaji kusafishwa kwa vidonge vya kuingiza. Uke hujisafisha wenyewe, na ukiuvuruga unakaribisha maambukizi.

Ninyi mtakaokaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mama akija akanong'ona, msimjibu kwa sauti mbele ya foleni. Mtengeeni kona. Akionyesha pakiti aliyouziwa, ipigeni picha pande zote, mwandike alipoinunua na lini, mwitumie mamlaka. Mkaguzi hawezi kukamata asichokijua. Akiwa na damu isiyokoma au maumivu, mpelekeni kwa muuguzi au daktari siku hiyo hiyo. Na akiuliza kama dawa fulani inaponya, muulizeni muuzaji wake ushahidi, kwa maandishi.

Nimemaliza kwa upande wangu. Naomba maswali ya kwanza yatoke kwa akina mama waliokaa nyuma, halafu wanafunzi. Asanteni sana.